UZI: Nilidhani koo langu limekwisha, kumbe taya

#1 dalali_wa_diko (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Uzi mrefu huu, mwenye haraka na apite.

Kazi yangu ni udalali wa samaki, mwaka wa 14 sasa, hapo diko (soko la samaki la pwani) la Malindi, Unguja. Kwa asiyeijua: samaki anashushwa, anamwagwa chini, nasimama juu yake naita bei mpaka abaki mnunuzi mmoja. Kipaza sauti hakuna. Injini za boti ziko mgongoni, wachukuzi wanapiga kelele watu wapishe njia, na mie lazima nisikike na mtu aliyesimama safu ya nne huku akizungumza na simu. Sauti ikiondoka, nimefunga duka.

Mwaka jana, miezi ile ya maulidi, sauti ikaanza kunigomea. Nilikuwa naingia saa 12 asubuhi na kumaliza saa 4 bila taabu. Ikawa saa 2 haijafika, nimeshapwelewa. Jioni nikizungumza nyumbani mke wangu ananiambia, "Sema basi, mbona wanong'ona?" Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, mama akaniandikishia kombe, aya za Qur'ani zinaandikwa zinaoshwa kwa maji, nikanywa. Nikaenda kwa daktari wa koo, akapitisha kamera, akasema nyuzi za sauti zimevimba kidogo, ila hakuna uvimbe wa kutisha, basi nipumzishe sauti wiki mbili. Dalali apumzishe sauti wiki mbili, ale nini?

Na sikio la kulia likawa linaniuma. Zahanati moja ya mtaani wakanipa dawa ya matone mara tatu, mwisho wakasema ni gego, wakaling'oa. Gego zima! Maumivu yakabaki pale pale, na sasa upande ule natafuna kwa fizi.

Siku yenyewe ni hii. Jodari mmoja, kilo 40 hivi, wanunuzi watatu wa mahoteli wanakabana. Naita: laki mbili na hamsini, laki mbili na sitini, sitini mara ya kwanza... mmoja akanyanyua kidole. Nikafungua kinywa niseme "sabini". Sasa taya langu lilikuwa linaalika miaka mingi, "ta!" kila nikipiga mwayo, sikulijali. Siku ile halikualika. Lilifika nusu ya njia likagota, kama mlango uliowekewa tofali kwa nyuma. Kidevu kikaenda kulia. Kilichonitoka mdomoni ni "sebini". Nikarudia: "Sebini!" Diko zima likacheka, na mie nilitaka kucheka lakini sikuweza kufungua.

Nikaenda spitali ya serikali, upande wa meno. Daktari, dada mmoja mtulivu, akaweka vidole vyake mbele ya masikio yangu yote mawili, akaniambia fungua, funga, fungua. Akanipima kwa rula ndogo kati ya meno ya juu na ya chini: milimita 27. Akaniambia mtu mzima kwa kawaida anafika 40 hadi 50, na kipimo cha nyumbani ni vidole vyako mwenyewe vitatu vikiwa vimesimama. Vyangu viliingia viwili, na kwa tabu.

Halafu akanambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kunambia: "Niitie bei."

Humu ndani? "Humu humu." Mkono wake mmoja chini ya kidevu changu, mwingine kwenye kikoromeo. Nikaita. Muuguzi akachungulia mlangoni kuona nani anauza samaki. Daktari akasema, "Umeona? Kikoromeo kinapanda juu kama ndoo ya kisimani. Mdomo haufunguki, kwa hiyo koo linabeba kazi ya taya."

Hapo ndipo niliposimama nikafikiri. Mwaka mzima nahangaikia mwisho wa bomba, na bomba lenyewe limebanwa huku mbele.

#2 dalali_wa_diko

Naendelea. Nieleze alivyonieleza, maana mie nilimuuliza sana.

Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, fungua na funga mdomo. Kile kinachotembea chini ya kidole ndicho kiungo cha taya. Viko viwili, kulia na kushoto, na vinafanya kazi pamoja kwa sababu taya lenyewe ni mfupa mmoja. Kati ya kichwa cha taya na mfupa wa fuvu kuna kisahani kama gegedu, laini, cha kuzuia mifupa isisagane. Ukianza kufungua mdomo, taya linazunguka pale pale mfano wa bawaba. Ukitaka kufungua zaidi, kichwa cha taya kinateleza kwenda mbele pamoja na kisahani chake. Kisahani kikihama mahala pake, taya linakipanda kwa kishindo, ndiyo ile "ta!". Kikizidi kuhama kisirudi, taya linakwama nyuma yake na mlio unapotea. Watu wanadhani mlio ukipotea wamepona. Mie nilikuwa nimekwama.

Sasa kuhusu kusema. Kuzungumza kwa kawaida, mie na wewe kibarazani, taya linafunguka kidogo tu. Sehemu ya bawaba karibu yatosha. Ndiyo maana nyumbani, hata sauti ikiwa ndogo, maneno yangu yalieleweka. Lakini kupaza sauti kunataka mdomo mpana, na mpana unataka ule mtelezo. Mtelezo mie sina. Mdomo ukiwa mwembamba sauti haitoki nje sawasawa, inafifia, inakuwa kama mtu aliye ndani ya pipa. Nami bila kujua nasukuma pumzi kwa nguvu na kukaza shingo ili nifike safu ile ile ya nne. Nyuzi za sauti zinapigana, zinavimba.

Na kuna njia ya pili. Chini ya kidevu, juu ya kikoromeo, kuna mfupa mdogo wenye umbo la hilali. Haukushikana na mfupa mwingine wowote, unaning'inia kwenye misuli. Misuli yake ya juu inatoka kwenye taya, na kikoromeo kimening'inia kwake kwa chini. Kwa hiyo taya likikazwa kutwa, hilali inavutwa, na kikoromeo kinafuata. Sauti inakuwa nyembamba, ngumu, na inachoka upesi.

Akaniuliza kama nasaga meno usiku. Nikasema sisagi. Mke wangu alikuwepo. Akasema, "Daktari, mwaka wa tatu huu nalala na kinu."

#3 mpemba_asili

Yakhe, pole sana. Lakini mie nasema wazi: jodari wa laki mbili na ushee, wanunuzi watatu, na wewe peke yako ndo unasifiwa sauti diko zima? Hilo jicho hilo. Rudi kwa kombe.

#4 dalali_wa_diko

@mpemba_asili kombe nimekunywa na rula nimepimwa. Sikukataa kimoja.

#5 maalim_wa_chuo

Waalaykumu salaam. Ndugu dalali umenifumbua macho, na nitasema kwa nini.

Nina mwanafunzi wa hifdhi (anahifadhi Qur'ani), kijana wa miaka 19, sauti nzuri mno. Tangu mwezi wa Rajabu fatha zake (irabu ya "a") zinainama. Anasoma "a" inaelekea "e". Nikamwambia, wewe umehamia riwaya (njia ya kusoma Qur'ani) gani? Maana sisi tunasoma kwa riwaya ya Hafs, na katika Hafs imala, yaani kuinamisha "a" kuelekea "e", ipo neno moja tu katika Msahafu mzima, "majreeha", Surat Hud aya ya 41. Huyu anafanya imala mpaka kwenye Fatiha. Nimemrudisha, nimemkaripia, mara moja nimemtoa mbele ya wenzake. Wallahi sasa nakumbuka alikuwa anashika shavu.

Swali langu kwako au kwa mwenye ujuzi: makharij (mahala herufi zinapotokea) mengine yanaathirika vipi? Maana herufi za 'ain na ha zake ziko safi kabisa.

#6 tabibu_wa_magego

Maalim, nafanya kazi ya meno, ruhusa niingie.

'Ain na ha hutoka kooni, taya halina kazi kubwa pale. Kinachoumia kwanza ni "a", kwa sababu katika irabu zote hiyo ndiyo inayotaka kinywa kifunguke zaidi. "I" na "u" zinatoka hata meno yakiwa karibu yagusane. Kwa hiyo mwenye taya gumu "a" yake inapanda, masikio yenu yanasikia "e". Mwanafunzi wako hakuhama riwaya.

La pili ni "s", "sh", "z" na jamaa zao. Hapa mambo ni kinyume: hazitaki mdomo mpana, zinataka taya likae mahala pake hasa, meno ya chini yakaribie ya juu kwa nafasi ndogo, pumzi ipite kama kwenye ufa wa dirisha. Taya likienda upande, ufa nao unakwenda upande, "s" inapiga mluzi au inakuwa nzito. Ndiyo maana nadhani "sabini" ilimshinda dalali wetu: unaanza na taya lililofungwa vizuri kwa "s", na papo hapo unalitaka lianguke kwa "a". Hakuna safari ndefu kama hiyo katika kuhesabu.

Lakini nisiwatishe. Ulimi na midomo ni hodari mno wa kufidia. Uma kalamu kwa meno ya pembeni sasa hivi uniambie jina lako. Umeeleweka, sivyo? Wapo watu wanaofanya kazi ya kuzungumzisha mwanasesere bila taya kusogea, na ukumbi mzima unawaelewa. Kwa hiyo ugonjwa huu mara chache humfanya mtu asieleweke. Unamfanya achoke. Mgonjwa anasema maneno yale yale kwa gharama kubwa zaidi. Mwenye kazi ya kimya halioni; mwalimu, imamu, mwimbaji, kondakta wa daladala, dalali, hao ndio wanaolipa.

Kuhusu sikio: si ajabu. Kiungo kimepakana na sikio, ukuta mmoja. Daktari mmoja wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1934, na kwa miaka mingi maradhi haya yakaitwa kwa jina lake. Sababu alizozitoa nyingi zimeachwa baadaye, ila malalamiko aliyoyakusanya, sikio kuuma, kuziba, kulia ngoma, tunayasikia mpaka leo kila wiki. Sikio lenyewe linakuwa zima. Matone hayasaidii, na gego ndugu yangu, pole.

#7 waya_wa_fidla

Mie mpiga fidla kwenye taarab. Hakuna aliyetutaja!

Fidla unaibana kati ya kidevu na bega, taya la kushoto limekandamizwa usiku kucha, harusi moja saa nne, tano. Nina alama nyeusi chini ya taya kama nimepigwa muhuri. Na mie pia naitikia kwenye kibwagizo. Nilikuwa najiuliza kwa nini nikiweka fidla chini naimba vizuri, nikiibana sauti inakwenda puani. Nikadhani ni aibu tu.

Nilichofanya: nimeongeza kitambaa kinene juu ya bega ili kidevu kisibane sana, na kati ya wimbo na wimbo naiteremsha kabisa, sikai nayo pale kama pambo. Kiongozi wa kikundi kanuna kidogo, anataka tuonekane tumejipanga. Namwambia nyuzi za fidla zinauzwa dukani.

#8 bibi_wa_ngambo

Wanangu, mie mzee sijui kuandika sana. Mjukuu ananiandikia. Kinywa changu hakifunguki miaka miwili sasa, kijiko cha uji kinaingia kwa ubavu. Sauti ndogo. Pilipili siwezi, inawaka. Lakini taya halialiki wala haliumi. Na mie ni hiyo taya?

#9 tabibu_wa_magego

Shikamoo bibi. Niwie radhi kwa swali: unatafuna tambuu?

#10 bibi_wa_ngambo

Marahaba. Tangu niolewe. Popoo (ile kokwa ngumu ya tambuu), chokaa, na tumbaku kidogo.

#11 tabibu_wa_magego

Bibi, na mjukuu unayeandika: hii nahisi si kiungo cha taya. Popoo ikikaa shavuni miaka mingi inaikausha nyama ya ndani ya shavu, inakuwa ngumu na nyeupe kama ngozi ya ngoma, mdomo unafunga polepole na vyakula vya pilipili vinaunguza. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Simaanishi kwamba bibi anayo. Namaanisha aangaliwe kinywani wiki hii, si baada ya Idi. Na popoo isimame leo.

Wengine wote nao wasikilize, maana si kila mdomo usiofunguka ni kiungo. Jino la akili lenye usaha linafunga mdomo, na hapo kuna homa na uvimbe. Mtu aliyechomwa na ndoana au msumari, siku kadhaa baadaye taya linakaza na shingo inakaza: hiyo inaweza kuwa pepopunda, ni ya kukimbizwa spitali saa hiyo hiyo. Uvimbe au kidonda kinywani kisichopona, ni daktari. Na sauti iliyokauka wiki tatu mfululizo, koo liangaliwe kwanza hata kama unajua una taya bovu. Dalali alifanya sawa kuanza na kamera.

Na aliyepiga mwayo mdomo ukabaki WAZI, haufungi: usivutwe na jirani mwenye nguvu. Kuna namna ya kulirudisha, spitali wanaijua.

#12 mwalimu_skuli_pba

Naandika kutoka Chake Chake, Pemba. Nafundisha darasa la watoto 80 na zaidi, sauti yangu inakwisha Jumatano, na taya linaalika. Tiba aliyopewa dalali ni ipi? Mbona kaishia njiani?

#13 dalali_wa_diko

Samahani mwalimu, nilikuwa dikoni.

Kwanza hakunipasua wala hakunichonga meno. Alisema wengi wanapata nafuu kwa mambo madogo, na upasuaji ni wa wachache mno. Alisisitiza nisikubali mtu yeyote anisage meno eti kuyapanga kwa ajili ya taya, kwa sababu jino likishasagwa halirudi.

Vitu vigumu nimeacha kwa miezi: muwa, mahindi ya kuchoma, pweza, na kokwa za ubuyu ambazo nilikuwa nazivunja kwa meno kwa ufundi tu. Nimekula boko boko mpaka nikalichukia. Mkate wa kumimina, ndizi, samaki wa mchuzi, hivyo ndivyo vilivyonivusha. Kukanda kwa kitambaa cha moto mbele ya sikio na kwenye panja, robo saa, asubuhi na jioni. Mama akasema, si nilikwambia nikukande kwa chumvi ya moto ukakataa? Nikakaa kimya. Mwayo unapokuja naweka ngumi chini ya kidevu. Dawa ya maumivu alinipa ya siku chache tu.

Lililonisaidia kuliko yote ni dogo la kuchekesha. Alinambia: midomo ifungwe, meno yasigusane, ncha ya ulimi ikae kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, pale unapotamka "n". Meno ya juu na ya chini hayana kazi ya kugusana ila wakati wa kutafuna na kumeza. Mie nilikuwa nayabana kutwa, nikiendesha pikipiki nayabana, nikihesabu pesa nayabana. Nimebandika kipande cha plasta kwenye usukani na kingine kwenye kalkuleta. Nikikiona, naachia.

Usiku navaa kinga ya plastiki kwenye meno ya juu. Wiki ya kwanza "s" zote zilikuwa zinanitoka kama nyoka, nilimwambia mke wangu "thubalkheri" akafa kwa kicheko. Siku chache ulimi ukazoea.

Kwenye sauti alinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nakaa mbele ya kioo nafungua mdomo taratibu kidevu kisihame mstari, ulimi ukiwa juu kaakaani, mara sita, mara sita tena mchana. Halafu navuma "mmm" meno yameachana, mpaka nasikia mtetemo kwenye midomo, si kooni, kisha naufungua uwe "maaa". Mwanangu wa miaka minne ananiigiza, nyumba nzima inalia kama boti ya mwendo kasi inatia nanga.

#14 tabibu_wa_magego

Hilo la "mmm" mwalimu wa skuli lichukue hivyo hivyo, kabla ya kipindi cha kwanza. Ila usilazimishe kufungua penye maumivu makali. Na ubao ukiandika usizungumze huku umewageuzia mgongo watoto. Unalipa mara mbili. Kualika tu, bila maumivu na bila kukwama, watu wengi wanako na hakuhitaji tiba.

#15 maalim_wa_chuo

Nimempeleka kijana leo. Vidole viwili. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake wale wale niliomtoa mbele yao. Daktari kasema asome kwa tartili, yaani taratibu, sauti ya chini, aache mashindano ya Ramadhani mwaka huu. Kalia kidogo. Nimempa kazi ya kunisahihishia wadogo, maana masikio yake hayana ugonjwa.

#16 bibi_wa_ngambo

Mjukuu hapa. Bibi kaangaliwa. Wamekata kipande kidogo cha kupima, tunangoja majibu. Popoo kaacha ila kikebe kakificha, hataki nikitupe. Mtuombee.

#17 mwalimu_skuli_pba

Allah amjaalie kheri bibi.

Dalali, sasa unafungua ngapi?

#18 dalali_wa_diko

Amin kwa bibi.

Juzi nimepimwa 38. Vidole vitatu vinaingia, cha tatu kwa kusukumwa. Asubuhi naita nusu ya kwanza, nusu ya pili anaita mwenzangu, tunagawana. Saa 4 nina sauti bado. "Sabini" natamka, ila naiendea polepole kama mtu anayeshuka ngazi usiku.

#19 mpemba_asili

Na yule jodari jee? Alikwenda kwa ngapi?

#20 dalali_wa_diko

Laki mbili na tisini. Aliyemalizia kuita ni mwenzangu, na udalali kala yeye.

#21 mpemba_asili

Nilisema jicho!